Chakula Kisichopita Motoni

Jumapili moja ya mwezi wa Oktoba, baada ya sala ya alasiri, jua lilipokuwa limeanza kulegeza ukali wake juu ya mabati ya Mtoni Kijichi na upepo wa baharini ukipenya baina ya minazi michache iliyosalimika na ujenzi, nilikaa barazani kwangu nikiwa na kisu, kinoo, nyanya nne, donge la jibini nyeupe lililokuwa likielea katika maji yake ndani ya kopo, na sahani ya kauri yenye maua ya buluu ambayo ni katika vitu vichache nilivyorithi kwa bibi yangu mzaa mama. Nilikuwa nimeazimu kuandaa chakula ambacho sikuwahi kukiandaa kabla ya siku hiyo, kisichohitaji mkaa wala gesi wala sufuria, na ambacho kwa hesabu ya viungo vyake mtoto wa darasa la pili angeweza kukitaja chote kwa pumzi moja.

Nilidhani kazi hiyo ingenichukua robo saa. Ilinichukua siku tano, na habari ya siku hizo tano ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa sababu ndani yake nilitambua kuwa chakula kisichopita motoni, ambacho aghalabu tunakiita chakula chepesi, ni kizito mno kwa upande wa dhamana: mpishi ana machache ya kutenda, na kwa ajili hiyo wote waliomtangulia, mkulima, mkamuaji, dereva na mchuuzi, huonekana katika sahani kama walivyo, bila ya stara ya moto wala pazia la bizari.

Jibini ililetwa na mpwa wangu siku ya Jumanne. Yeye anafanya kazi Njombe, mji wa nyanda za juu, karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako katika miezi ya Juni na Julai watu huamka na makoti, na ng'ombe wa maziwa hustawi kwa namna ambayo ng'ombe wa pwani, akisumbuliwa na joto na kupe, hawezi kustawi. Huko kuna kiwanda cha maziwa kilichoanzishwa kwa msaada wa shirika la CEFA la Bologna, Italia, ambacho hukusanya maziwa ya wafugaji wadogo wa vijijini, na pamoja na maziwa ya kunywa na mtindi hutengeneza jibini za Kitaliano, mozzarella ikiwa mojawapo. Mpwa wangu alilichukua kopo hilo ndani ya sanduku la barafu akapanda nalo basi, zaidi ya kilometa 700, kwa njia ya Makambako, Mafinga, Iringa, mteremko wa Kitonga, Mikumi, Morogoro na Chalinze, hata kituo cha Mbezi Luis, na kutoka huko kwa daladala mpaka mlangoni kwetu, akiwa amelipakata magotini kama mtu aliyepakata mtoto.

“Shikamoo mjomba,” aliniambia, akinikabidhi. “Hii si ya kunywea chai. Inataka nyanya mbichi, mafuta ya zaituni na majani ya mrehani, basi. Usiipike.”

Nilikwenda gengeni jioni ile ile. Genge letu liko penye njia panda, chini ya mwembe, na mama mwenye genge ni mtu wa makamo ambaye hufuata bidhaa zake alfajiri katika soko la Temeke Stereo, na ambaye kwa muda wa miaka sita sasa ametupimia vitunguu, ndimu na bamia bila ya kutupunja hata mara moja. Nilimwambia nataka nyanya zilizoiva. Aliniuliza kama ni za kupika leo. Nikamwambia ni za kula mbichi. Aliniuliza kama ni za kachumbari. Nikamwambia si za kachumbari, ni za kuliwa zenyewe. Alitua kidogo, kisha akanionyesha mafungu mawili. La kwanza lilikuwa la nyanya nzima, ngumu kama ndimu changa, zenye wekundu wa juujuu na mabega ya kijani yaliyoanza kugeuka manjano. La pili lilikuwa la masalo, zile zilizopondeka njiani, zikachuruzika na kunyauka, za mtu atakayezitia katika mchuzi saa hiyo hiyo kwa bei ya chini. Baina ya mafungu hayo mawili hapakuwa na la tatu.

“Zilizoiva vizuri hazifiki, baba,” alisema. “Zikifika zimeshakuwa masalo.”

Alisema kweli tupu, na kweli hiyo ina urefu wa kilometa 450 hivi, ndio mwendo wa kutoka Dar es Salaam hata Ilula, katika wilaya ya Kilolo mkoani Iringa, ambako kandokando ya barabara kuu msafiri huona nyanya zimepangwa kwa vilima vyekundu na matenga yamesimama safu kwa safu yakingojea malori. Nyanya ya Ilula huchumwa ingali na ukijani, kwa maana iliyokamilika kuiva mtini haiwezi kustahimili tenga. Huwekwa tabaka juu ya tabaka, ya chini ikibeba uzito wa zote za juu, na tenga likishajaa hushindiliwa kilemba cha ziada, ile lumbesa ambayo sheria ya vipimo imeipiga marufuku na ambayo mkulima, akiwa hana soko jingine wala ghala ya baridi, huikubali kwa shingo upande. Kisha lori hushuka Kitonga kona baada ya kona, likapita Ruaha Mbuyuni katika joto, likakesha barabarani, na alfajiri nyanya hupinduliwa sokoni mbele ya madalali. Katika safari kama hiyo ugumu ndiyo sifa ya kwanza, na utamu ni sifa ya baadaye sana. Wataalamu wetu wa kilimo cha mboga huko Tengeru, Arusha, walipotuzalishia mbegu za Tanya na Tengeru 97, walizingatia kwa haki kabisa ganda gumu na tunda linalodumu, kwa kuwa walijua barabara zetu na walijua hasara ya mkulima. Nami siwalaumu hata chembe. Lakini naona huzuni kwa jambo moja, kwamba ustahimilivu wa nyanya, ambao ulikuwa shuruti ya safari, umegeuka kuwa ndiyo maana ya nyanya njema machoni petu, hata mnunuzi wa Temeke au Kinondoni leo huifinya nyanya, akaiona ngumu, akaridhika, asiinuse kamwe.

Nilinunua nne katika zile ngumu nikarudi nazo nyumbani.

Hapo ndipo siku tano zilipoanzia. Nilizipanga juu ya ungo, vikonyo vikitazama chini, nikazifunika kwa kawa ili nzi wasizikaribie, nikaziweka juu ya kabati karibu na dirisha, pamoja na ndizi moja ya kisukari iliyokuwa tayari imeiva, kwa kuwa nilifundishwa tangu utotoni kwamba tunda lililoiva huliita lenziwe. Na ilimu ya leo inathibitisha jambo hilo, ikieleza kuwa matunda ya namna hiyo hutoa hewa ambayo huamsha uivaji wa yale yaliyo jirani. Mke wangu alitaka kuziweka katika jokofu. Nilimsihi asifanye hivyo. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, walionyesha kuwa baridi ya jokofu huzinyamazisha jeni zinazotengeneza harufu ya nyanya, na kwamba nyanya ikishakaa humo siku kadhaa harufu yake hairudi kama ilivyokuwa hata ikitolewa nje ikapata joto tena. Utamu na ukali hubaki, maji hubaki, rangi hubaki. Lakini kile ambacho pua hukitambua kuwa ni nyanya kimekwenda zake. Mwenyewe niliyashuhudia hayo mara nyingi kabla ya kujua sababu yake, nikidhani kuwa umri ndio unaoniondolea ladha.

Siku ya pili hapakuwa na badiliko. Siku ya tatu wekundu ulianza kushuka kutoka juu ya ganda kuingia ndani, nami siwezi kuieleza tafauti hiyo kwa lugha nyingine: wekundu wa kwanza ulikuwa kama nguo iliyovalishwa, na huu ulikuwa kama damu. Siku ya nne, nilipofunua kawa asubuhi kabla ya kwenda kazini, nilipokewa na harufu ambayo sikuwa nimeinusa tangu nilipokuwa mtoto Mwananyamala, harufu yenye majani ndani yake, na udongo uliolowa, na kitu kikali kidogo mfano wa jasho la mtu aliyetoka shambani. Nikasimama pale nikiwa na kawa mkononi hata mke wangu akaniuliza kama kuna kilichoharibika.

Bibi yangu alizaliwa Unguja, akaja bara akiwa mwari, akaishi Mwananyamala, wilaya ya Kinondoni, katika nyumba ya ukumbi mrefu na ua nyuma, mpaka alipofariki. Hakulitumia neno nyanya kwa tunda hili; yeye alisema tungule, kama wasemavyo kwao. Nyanya kwake lilikuwa ni neno la mtu: mama wa mama, mama wa baba. Majirani zake wa bara walikuwa wakisema nyanya kwa maana ya tungule, na bibi kwa maana ya nyanya, na sisi watoto tulikulia baina ya maneno hayo mawili tukiyachanganya bila ya wasiwasi, hata leo siwezi kulitamka jina la tunda hili bila ya kuona mkono wake. Sijui kwa nini lugha yetu ilimpa mzazi na tunda jina moja, na wala sikusudii kubuni sababu. Lakini ni nani atakayenizuia kuona raha katika jambo hilo?

Tunda lenyewe ni mgeni kwetu sote. Chimbuko lake ni Amerika, na watu wa Mexico walikuwa wamekwisha lilima na kulila kwa muda mrefu kabla ya Wahispania kuwafikia. Likavuka bahari, na mwaka 1544 mganga mmoja Mtaliano, Pietro Andrea Mattioli, akaliandika katika kitabu chake cha mimea. Wataliano walilipa jina la tofaha la dhahabu, wakakaa nalo muda mrefu kwa mashaka kabla ya kulikaribisha sahanini. Nalitaja jambo hili kwa sababu wapo watu kwetu ambao, wakiona nyanya na jibini katika sahani moja, husema hicho ni chakula cha kizungu, ilhali Mtaliano mwenyewe alilipokea tunda hili ukubwani kama sisi tulivyolipokea, na kachumbari yetu, ambayo hakuna pilau ya harusi iwezayo kukamilika bila yake, jina lake lilikuja na watu wa Bara Hindi. Hakuna mwenyeji mezani.

Kachumbari ya bibi niikumbuke kidogo. Hakuwa na kibao cha kukatia. Alikishika kitunguu kiganjani akakikata hewani, nyuzi nyembamba zikidondoka katika bakuli, akazifikicha kwa chumvi, akazisuuza, akazikamua mpaka machozi yake yakaisha pamoja na ukali wa kitunguu. Ndipo zikafuata tungule, tango, pilipili mbichi moja na ndimu. Katika bakuli hiyo kila kimoja kilikuwa na kazi ya kumsaidia mwenzake: nyanya ikiwa haina utamu, ndimu iliamsha ulimi, ikiwa haina harufu, kitunguu kilikuwa nayo ya kutosha, na pilipili ilitosha kuwasahaulisha wageni upungufu wote uliosalia. Kachumbari ni jamaa, na katika jamaa mnyonge husitiriwa. Chakula nilichokuwa nikikiandaa mimi hakina jamaa. Nyanya hukaa karibu na jibini, mbili zikitazamana, na hakuna wa kuzisemea.

Asubuhi ya Jumapili niliziosha. Mabegani pa nyanya, kuzunguka kikonyo, palikuwa na ule ukungu mweupe ambao kila mpishi wa Dar es Salaam anaujua, vumbi la dawa ya ukungu iliyopigwa shambani, ambalo mchuuzi hulifuta kwa kitambaa na ambalo mama zetu wamezoea kulisugua kwa maji ya chumvi. Kwa miaka yangu yote nimeliosha vumbi hilo bila ya kulifikiria, kwa kuwa baada ya kuosha palikuwa na moto. Siku hiyo hapakuwa na moto wa kufuata, nami nilijikuta nikimfikiria mtu ambaye sitamwona kamwe, aliyesimama katika mtaro wa nyanya huko Ilula na bomba la dawa mgongoni. Najua dhiki yake. Mwaka 2014 aliingia nchini, akaonekana kwanza Arumeru, nondo mdogo wa asili ya Amerika ya Kusini ambaye wakulima wamempa jina la kantangaze. Buu lake hutoboa jani, hutoboa shina, huingia ndani ya tunda lenyewe, na shamba lililolala likiwa zima huamka kama lililounguzwa. Hilo na baka jani la majira ya mvua humfanya mkulima apige dawa, arudie, aongeze. Na kila dawa ina siku zake za kungoja baina ya kupigwa na kuchumwa, zimeandikwa kwenye chupa kwa herufi ndogo, siku ambazo hapana bwana shamba anayesimama kuzihesabu, wala askari, wala mnunuzi. Zinahesabiwa na mkulima peke yake, ilhali bei ya sokoni leo ni nzuri na kesho haijulikani. Mimi ninayekula nyanya mbichi naziweka siku hizo za kungoja chini ya ulimi wangu. Nilizisugua zile nyanya moja moja, kwa maji mengi, nikazifuta kwa kitambaa safi. Lakini nilijua kuwa kusugua kwangu ni sehemu ndogo, na iliyobaki ni uaminifu wa mtu mwingine.

Kwa jibini hali ilikuwa ni hiyo hiyo. Jina mozzarella limetokana na neno la Kitaliano lenye maana ya kukata, kwa namna donge linavyokatwa kwa vidole kutoka katika utepe mrefu wa mgando. Mpwa wangu alinisimulia kazi yake ilivyo: maziwa hupashwa moto kiasi cha joto la mwili, hutiwa kigandisho, na yakishaganda hukatwa vipande na kuachwa yakae mpaka yapate uchachu wa kadiri, hapo humwagiwa maji yaliyokaribia kuchemka, na mgando ambao dakika moja kabla ulikuwa ukimeguka kama chicha hugeuka ukavutika, ukakunjwa, ukavutwa tena kama unga wa chapati, hata ukang'aa. Uchachu ukipungua, haivutiki, ukizidi, hukatika. Na maziwa yaliyotiwa maji na mtu mmoja tu katika mnyororo wa wafugaji hupunguza jibini ya wote. Huko Campania, kusini mwa Italia, wanaitengeneza ile ya asili kwa maziwa ya nyati wa kufugwa; yetu ni ya ng'ombe, na ng'ombe wa Njombe anayekula majani mabichi katika ukungu wa asubuhi hana haja ya kuomba radhi kwa nyati yeyote. Niliitoa majini saa moja kabla, ikapoteza baridi yake, ikalainika. Ilinukia maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi, harufu ambayo mtu wa mjini anaweza kuishi miaka ishirini asiipate.

Jambo moja lilinishangaza nikiwa nimekaa pale: kwamba nyanya hizi na jibini hii zilishuka kwa barabara moja. Lori la matenga na basi la mpwa wangu yalipita Kitonga ile ile, pengine usiku mmoja, moja likinusa breki za jingine. Na wala hapana aliyekuwa amekusudia zikutane.

Mafuta ya zaituni hayakuwa tabu, kwa kuwa hayakosekani katika nyumba ya pwani, ingawa sisi huyanunua kwa chupa ndogo, kwa ajili ya nywele, viungo vinavyouma na watoto wachanga, na mke wangu alistaajabu kidogo kuiona chupa yake ya kabatini ikitoka kwenda barazani. Ile ilikuwa ya kupaka, kwa hiyo nilinunua nyingine ya kula, na ghali yake siifichi. Chumvi ilikuwa ya mawe, ya mashamba ya chumvi ya Kunduchi, ambako maji ya bahari yetu wenyewe huachiwa jua liyamalize.

Mrehani ulikuwa uani. Niliupanda mimi, kwa tawi nililolichukua katika debe la bibi siku ya arobaini yake, na tangu hapo nimeubadilishia udongo mara tatu na kuuzalisha kwa vipandikizi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Usiuchanganye na kivumbasi, ndugu yake wa porini, ambaye hufukuza mbu. Mrehani ni wa mapambo na heshima. Bibi aliutia katika kikuba pamoja na asumini, akakivaa siku za harusi na siku nyingine ambazo hakututajia sababu yake. Aliutia katika maji ya kuogea wagonjwa. Na alitwambia kwa fahari kuwa jina lake limetajwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe katika Sura ya Ar-Rahman, katika hesabu ya neema zake. Sikumwona hata mara moja akiutia katika chakula. Nilisita, kwa hiyo, nikiwa nimeinama penye debe, kwa kuwa nilihisi kama mtu anayetaka kuivaa nguo ya sala kwenda sokoni.

Lakini neno lenyewe lilinishika. Katika Kiarabu kuna maneno mawili yaliyo mbali kabisa, moja la mmea unukiao, na jingine la kitu kinachowekwa mkononi mwa mtu kuwa dhamana ya deni. Yalipofika pwani yetu, masikio yetu yakayasikia karibu sawa, na leo yote mawili tunayaita rehani. Bibi aliweka bangili zake rehani, ya aina ya pili, mwaka ambao mama yangu alitakiwa kulipiwa ada ya shule, akazikomboa baada ya miaka miwili kwa kuuza vitumbua. Na rehani ya aina ya kwanza ilikuwa ikimea katika debe penye mlango wa ua muda wote huo. Mimi nilichuma vikonyo vitatu. Majani yake ni madogo kuliko ya mrehani wa Wataliano, na harufu yake ina ukali wa karafuu ndani yake, na sikuona kuwa ni upungufu.

Nilikinoa kisu mpaka kikapita katika ganda la nyanya kwa uzito wake, maana kisu butu huponda kabla ya kukata, na maji yote hubaki kibaoni. Nilikata vipande vya duara, vya unene wa kidole cha mwisho cha mtoto. Ndani zilikuwa nyekundu mpaka katikati, isipokuwa moja ambayo moyo wake ulikuwa bado mweupe na mgumu. Hiyo niliitenga kwa mchuzi wa kesho. Nilizinyunyizia chumvi kwanza, nikazingoja, kwa kuwa chumvi huyavuta maji ya nyanya yakatoka nje, na katika dakika kumi sahani ya bibi ilikuwa na kidimbwi chembamba chenye rangi ya machweo, ambacho ndicho mchuzi wa chakula hiki na hakina mchuzi mwingine. Kisha jibini, niliyoipasua kwa mkono. Kisha mafuta. Kisha majani, mazima, yasiyoguswa na kisu.

Mke wangu aliitazama sahani kwa muda. “Ndimu?” aliuliza. Nikamwambia hapana. “Hata pilipili, Baba?” Nikamwambia aonje kwanza, na akiona haja ya pilipili nitaileta mwenyewe.

Tulikula kwa mkate wa boflo, tukiumega na kuuchovya. Sitajaribu kuisifu ladha ile kwa maneno makubwa. Nyanya ilikuwa tamu, kisha kali, kisha tamu tena. Jibini haikusema mengi, ila kila ilipopita ilituliza. Na mrehani ulifika mwisho, kutoka nyuma ya pua, pamoja na ukumbi wa Mwananyamala, na sauti ya vyombo uani, na mwanamke anayefungua sanduku la nguo. Mke wangu hakuitaka pilipili. Mtoto wetu mdogo, ambaye hali nyanya ila iliyokwisha yeyuka katika mchuzi, alikula vipande viwili, akauliza hii ni nyanya gani. Nikamwambia ni ile ile ya gengeni. Hakuniamini. Mwishowe aliinua sahani kwa mikono miwili akanywa kile kidimbwi kilichobaki, na mama yake, ambaye kwa kawaida hairuhusu tabia hiyo, alimwacha.

Kesho yake nilipita gengeni nikitoka kazini. Mama mwenye genge aliniuliza nyanya zake zilikuwaje. Nilimweleza yote, ungo, kawa, ndizi, siku tano, na ile moja iliyokuwa na moyo mweupe; naye alinisikiliza akiwa ameshika kisado tupu mkononi, bila ya kunikatiza, hata wateja wawili wakasimama kungoja. Nilipokwisha aliinama chini ya meza, akatoa kikapu kidogo kilichofunikwa kanga kuukuu, na ndani yake mlikuwa na nyanya sita au saba zilizopangwa vikonyo chini, zenye wekundu wa ndani, zisizogusana.

“Hizi siziweki mezani,” alisema. “Ni za nyumbani kwangu.”

Alichagua tatu, akazinusa moja moja, akarudisha moja kikapuni, akachukua nyingine. Nilipotia mkono mfukoni alitikisa kichwa, akaniambia nitamlipa nikishazila.